Mzee wangu hapandi tena mlimani, lakini namba zinaendelea kuandikwa

BARUA

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, na kwa miaka 6 sasa nimekuwa fundi sanifu wa udongo na maji katika msitu wa utafiti. Kwa kuwa watu wengi hawaijui kazi hii, naomba niieleze kidogo, maana bila hivyo tatizo langu litaonekana dogo. Kila Jumanne, iwe mvua au jua, mimi na mwenzangu huzunguka vituo 9 vilivyotapakaa katika bonde la kijito kimoja. Tunasoma vipima mvua, tunapima maji yanayodondoka kutoka kwenye majani ya miti, tunaangalia kwa tensiomita jinsi udongo unavyoyashikilia maji, na tunakusanya maji yaliyomo ndani ya udongo kwa vikombe vidogo vya kauri vilivyofukiwa sentimita 20 na sentimita 60 chini ya ardhi. Vikombe hivyo havijai vyenyewe. Ni lazima mtu aondoe hewa iliyomo kwa pampu ya mkono, avibane, kisha arudi baadaye kuchukua maji yaliyonyonywa. Mwisho wa mzunguko tunateremka kijitoni, penye ukuta mdogo wa zege wenye mkato wa herufi V, tunasoma kina cha maji yanayopita hapo na kujaza chupa ya sampuli.

Mwenzangu ni mtu mzima, na naomba nimwite Mzee tu. Ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino hutapakaa daftari likinyeshewa. Alinifundisha kusuuza chupa mara 3 kwa maji yale yale nitakayoyachukua kabla ya kuijaza. Alinifundisha kwamba namba iliyokosewa haifutwi kwa kifutio, bali hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na iliyo sahihi huandikwa pembeni. Katika mwaka wangu wa kwanza niliteleza kwenye ukuta wa kijito wakati maji yamejaa, naye akaingia mpaka kiunoni kunitoa. Ananiita mwanangu, na hasemi hivyo kwa mazoea ya mdomo.

Tumegawana vituo. Vituo 5 vya chini pamoja na kijito ni vyangu, na vituo 4 vya juu, kwenye mgongo wa mlima, ni vyake. Majuma mawili yaliyopita hakuja kazini kwa sababu ya maumivu ya magoti, nami nikapanda peke yangu kwenye vituo vyake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Njiani nilikuta mti mkubwa umeanguka na kuziba njia. Haukuwa umeanguka jana. Gome lake lilikuwa limeota uyoga, na majani ya chini pande zote mbili yalikuwa yamesimama, hayajakanyagwa na mtu. Nilipofika kituo cha kwanza nilikuta chupa ya maji ya majani imefurika, na ndani yake mwani umeota mpaka maji yamekuwa ya kijani kibichi. Kwenye kituo cha pili mrija wa mpira wa kile kikombe cha kauri ulikuwa umetafunwa na panya, una tundu ambalo kidole changu kidogo kiliingia. Mrija wa namna hiyo hauwezi kushika mvuto wa pampu hata kwa dakika moja. Juu ya kifuniko cha tensiomita buibui alikuwa amejenga utando, na ndani mlikuwa mmekauka kabisa.

Nilifungua daftari papo hapo. Jumanne iliyotangulia, kwa mwandiko wake ninaoujua vizuri, kulikuwa kumeandikwa kwamba kikombe kile chenye mrija uliotafunwa kilitoa mililita 180.

Nilirudi ofisini nikaangalia matokeo ya nyuma. Maji ya udongo wa vituo vya juu siku zote yalikuwa mepesi, yaani yenye chumvichumvi chache zilizoyeyuka, kuliko ya chini. Upitishaji wake wa umeme ulikuwa karibu maikrosiemensi 25 kwa sentimita, ilhali ya chini yalikuwa 45 na zaidi. Tangu miezi 7 iliyopita tofauti hiyo imetoweka. Chupa zenye lebo za vituo vya juu zinatoa namba zinazolingana na za kituo changu cha chini kabisa. Sihitaji kuambiwa maji hayo yanachotwa wapi.

Mshauri, yamebaki majuma machache kabla data za mwaka huu kukabidhiwa kwa mtafiti mkuu, ambaye anaandika ripoti kuhusu athari za kupunguza miti upande wa juu wa bonde. Vituo vya Mzee ndivyo vinavyobeba ripoti hiyo. Mzee amebakiza miezi 16 kustaafu. Nikisema, atafukuzwa na kupoteza kila alichokifanyia kazi. Nikinyamaza, rekodi ya miaka 14 inaharibika, na mimi ninashiriki. Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi: mkataba wangu hufanywa upya kila mwaka, na Mzee akiondoka, nafasi yake ya kudumu huenda ikawa yangu. Nani ataamini kwamba sikuitamani?

Na kuna jambo la mwisho ambalo sijawahi kulisema. Miaka 3 iliyopita, siku moja ya mvua kubwa, giza lilinikuta kabla sijafika kijitoni. Niliogopa kuteremka. Niliandika sentimita 11 kwa kukisia, nikaenda nyumbani. Mtu kama mimi ana mdomo gani wa kumsema mwenzake?

Ukurasa wa ile Jumanne niliyopanda juu bado ni mtupu. Mzee amerudi kazini, amelifungua daftari, ameuona. Hakuuliza kitu. Aliniambia tu, “Huko juu kumeshinda salama, mwanangu?” Nikajibu kwamba ni salama, nikatazama pembeni. Nifanye nini?

Mpima Maji wa Bondeni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo ulioubeba majuma haya mawili.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kabla ya kuijibu nilikaa na mtu aliyefanya kazi kama yako kwa muda mrefu, bila kumweleza wewe ni nani, ili nisije nikakushauri juu ya vitu nisivyovielewa. Ninavyolielewa tatizo lako ni hivi. Mtu aliyekulea kikazi na kukuokoa majini ameacha kufanya sehemu ya kazi yake na anaificha kwa namba ambazo hakuzipima. Wewe umeligundua jambo hilo bila kulitafuta. Namba hizo zinakaribia kutumika, na kila njia unayoitazama unaona mtu anaumia, akiwa yeye, au kazi, au jina lako. Juu ya yote hayo unajiona huna haki ya kusema kwa sababu na wewe uliwahi kukisia mara moja. Kama nimekosea mahali, niambie.

Naomba kwanza nikuulize kuhusu mambo machache ambayo umeyaandika kana kwamba yamekwisha kuthibitishwa.

Unasema rekodi ya miaka 14 inaharibika. Lakini barua yako mwenyewe inaonyesha kinyume. Wewe ndiye uliyeona kwamba tofauti kati ya maji ya juu na ya chini ilikuwepo, kisha ikatoweka miezi 7 iliyopita. Maana yake ni kwamba maji yenyewe yametunza kumbukumbu ya siku Mzee alipoacha kupanda. Kabla ya hapo, miaka zaidi ya 13, namba zinaonekana kuwa za mtu aliyefika kila kituo kwa miguu yake. Yule niliyezungumza naye aliniambia pia kwamba baadhi ya maabara hutunza sehemu ya kila sampuli kwenye friza, na kama kwenu ni hivyo, zinaweza kupimwa tena ili kuujua mwanzo wa tatizo kwa uhakika zaidi. Sikwambii hivi ili kulipunguza jambo. Miezi 7 ni mingi, hasa kama ndiyo miezi ambayo miti ilikuwa inapunguzwa. Ila mtu anayeamini kwamba kila kitu kimekwisha kuharibika huamua tofauti na mtu anayejua kipimo halisi cha uharibifu, na wewe kazi yako ni vipimo.

Hapo niseme kidogo kwa nini ninaona una haki ya kuumia juu ya namba, kwa sababu huenda wapo walio karibu nawe wanaokuambia kwamba ni maji tu kwenye chupa. Huko Wagon Wheel Gap, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, mwaka 1910 watu walianza kupima mabonde mawili madogo yaliyokaribiana. Walipima kwa miaka kadhaa bila kugusa mti hata mmoja, na ni mwaka 1919 tu ndipo walipokata msitu wa bonde moja, wakaendelea kupima mpaka 1926. Miaka yote ile ya mwanzo, ambayo mtu wa nje angeiona ya kupoteza muda, ndiyo iliyowawezesha kusema ni kiasi gani cha maji kilibadilika kwa sababu ya kukata miti na si kwa sababu ya mvua ya mwaka husika. Katika miaka ya 1950 kazi ya namna hiyo ilifanyika Kericho na Kimakia nchini Kenya, na Mbeya katika nchi ambayo leo ni Tanzania, ili kujua kijito huathirikaje msitu unapogeuzwa kuwa shamba. Na katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, huko huko Marekani, sampuli za mvua na za vijito zilizoanza kukusanywa mwaka 1963 ndizo zilizosaidia kuonyesha kwamba mvua ya Amerika ya Kaskazini ilikuwa imekuwa na asidi nyingi. Nyuma ya kila mojawapo ya kazi hizo alikuwepo mtu mwenye daftari aliyepanda hata siku ambayo hakutaka kupanda. Unayoyalilia yana thamani, mwanangu.

Niliuliza pia tofauti ya pengo na namba ya kubuni, kwa sababu nilidhani pengo ndilo baya zaidi. Nikaambiwa sivyo. Pengo linaonekana. Mtafiti akiona juma halina namba anaweza kulikadiria kutokana na vituo jirani, akaweka alama inayosema kwamba hili ni kadirio, na anayesoma baadaye akajua. Namba ya kubuni haina alama. Inakaa katikati ya zilizo za kweli na kufanana nazo, na siku ikigundulika huwatia shaka majirani zake wote. Nadhani Mzee anaijua tofauti hii kuliko mimi na wewe, kwa kuwa ndiye aliyekufundisha kukata kwa mstari mmoja badala ya kufuta. Mtu anayefundisha hivyo haamki siku moja akaanza kudharau kweli. Kuna kitu kimetokea.

Ndiyo maana ninataka kukuuliza kuhusu magoti. Umeyataja kwa maneno mawili ukapita. Mti ulioanguka ukaziba njia ya mlimani kwa kijana ni usumbufu wa dakika 5. Kwa mtu asiyeweza kukunja goti huenda ukawa mwisho wa safari. Je, inawezekana kwamba Jumanne ya kwanza alifika kwenye mti ule akashindwa kuuruka, akarudi, akaona aibu kusema, akajaza chupa bondeni akiamini juma lijalo atapanda? Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, na wewe hujui. Inawezekana pia kwamba alichoka tu na akaona hakuna anayeangalia. Mambo haya mawili yanazaa namba zilezile za uongo kwenye daftari, lakini hayadai mazungumzo ya namna moja, na mpaka sasa hujamsikia akisema lolote.

Tena, unasema kwamba ukisema atafukuzwa na kupoteza kila kitu. Nani amekuambia hivyo? Inawezekana ni kweli, na sitaki kukupa matumaini ambayo sina haki ya kuyatoa. Lakini umesoma masharti ya kazi yake? Unajua mwajiri wenu huwa anafanya nini kwa mfanyakazi ambaye afya yake haimruhusu tena kupanda? Kuna mahali ambapo mtu wa namna hiyo huhamishiwa kazi ya maabara, kuchuja sampuli, kusahihisha vipima asidi, kufundisha vijana. Na kuna mahali ambapo udanganyifu wa data huadhibiwa bila kujali sababu. Kabla hujaamua kwa kuogopa adhabu, ingekusaidia kuijua adhabu yenyewe, na hilo unaweza kulifanya kwa kusoma kanuni tu, bila kumtaja mtu.

Sasa tutazame njia zilizopo mbele yako. Ninakueleza hatari za kila moja kama ninavyoziona, lakini anayemjua Mzee, anayemjua msimamizi na anayejijua mwenyewe ni wewe.

Njia moja ni kuzungumza na Mzee kabla ya mtu mwingine yeyote. Nakiri kwamba ninapoisoma tena ile sentensi yake, “Huko juu kumeshinda salama, mwanangu?”, siisikii kama salamu. Aliuona ukurasa mtupu. Alijua kwamba umekwenda, na alijua ulichokikuta. Mtu anayetaka jambo libaki limefichika kabisa hulifunga daftari na kuzungumza habari za hali ya hewa. Yeye alikuuliza juu ya kule kule. Huenda ulikuwa mlango alioufungua kidogo, nawe kwa kuogopa kumwumiza ukaurudishia. Ninaweza kuwa nimekosea kabisa, kwa kuwa sikuisikia sauti yake wala sikuuona uso wake. Wewe ulikuwepo.

Ukiamua kuzungumza naye, fikiria mahali na namna. Kumwuliza ofisini, mbele ya meza yenye namba, ni kumweka mzazi kizimbani. Kumwuliza mkiwa mmekaa penye kijito, kazi imekwisha, ni jambo jingine. Unaweza kuanza na ulichokiona badala ya unachomshuku nacho: “Mzee, nilipanda juu. Nilikuta mti umeanguka na mrija umetafunwa. Nimekuwa nikishindwa kuandika ukurasa ule.” Kisha nyamaza, umpe nafasi. Inawezekana akakuambia yote, na mkatafuta pamoja namna yeye mwenyewe atakavyoliwasilisha kwa msimamizi. Mtu anayekwenda mwenyewe na kusema nilishindwa kupanda tangu mwezi fulani, hizi hapa namba zisizofaa, husikilizwa kwa sikio tofauti na yule anayekamatwa.

Lakini hatari zipo. Anaweza kukasirika na kukuuliza umekuwa mkaguzi tangu lini. Anaweza kulia, na hilo huenda likawa gumu kwako kuliko hasira. Anaweza kukuomba umsitiri kwa miezi 16 tu, na hapo ndipo ninapokuhofia zaidi, kwa sababu siri uliyoigundua mwenyewe ni nzito, lakini siri uliyoombwa kuitunza na mtu aliyekutoa majini ina uzito mwingine kabisa. Ukienda kwake, nenda ukiwa umekwisha kujua moyoni utajibu nini akikuomba hivyo. Usilitafute jibu lile mbele ya macho yake.

Njia nyingine ni kwenda kwa msimamizi au kwa mtafiti mkuu moja kwa moja. Muda wenu ni mfupi, na data zikishakabidhiwa na ripoti ikaandikwa, kurudi nyuma ni vigumu zaidi kwa kila mtu, na kwa Mzee pia. Ungeweza kuanza na namba badala ya mtu: kwamba umeona upitishaji umeme wa vituo vya juu umelingana na wa chini tangu mwezi fulani, kwamba ulipopanda ulikuta vifaa vimeharibika, na kwamba unaomba data za vituo hivyo zishikiliwe kwanza mpaka zikaguliwe. Kila neno hapo ni la kweli na liko ndani ya kazi yako. Nisikudanganye, hata hivyo. Swali la pili litakuwa ni nani anayepanda vituo hivyo, na utaulizwa dakika hiyo hiyo. Kuwasilisha kama suala la namba kunapunguza ukali wa maneno, lakini hakumfichi mtu. Na kama Mzee atalisikia kwanza kutoka kwa wakubwa, huenda asikusamehe haraka, hata kama alikuwa akitamani likomeshwe.

Njia ya kunyamaza na kuanza kupanda wewe mwenyewe badala yake nimeiona ikichungulia katikati ya mistari yako, ingawa hukuiandika. Ina upole ndani yake. Kuanzia sasa namba zingekuwa za kweli. Lakini ile miezi 7 ingebaki, ripoti ingeandikwa juu yake, nawe ungekuwa unazunguka vituo 9 peke yako kwenye mlima mtelezi.

Hili linanileta kwenye jambo ambalo barua yako haikuliuliza. Watu wawili kwa vituo 9, siku moja, kila juma, mmoja wao akiwa na magoti mabovu na kila mmoja akitembea peke yake upande wake: mpango huo nani aliupanga, na mara ya mwisho uliangaliwa lini? Wewe mwenyewe ulikutwa na giza mbali na kijito. Yeye huenda alikutana na mti asioweza kuuruka. Huenda ni matukio mawili yasiyohusiana, lakini kwangu mimi yanafanana sana. Kusema kwamba ratiba haibebeki hakufuti kosa la mtu, ila kunaweza kuwapa nyote wawili lugha ya kulizungumza jambo hili kama la kazi, pasipo kulifanya la tabia ya Mzee peke yake. Kubadilishana vituo, kwa mfano, yeye akachukua vya chini na kijito, huenda kungekuwa ombi la kawaida kabisa kama lingetolewa miezi 8 iliyopita.

Kuhusu nafasi yake kazini na watakavyosema watu, sina dawa. Watasema. Wengine watasema ulimchongea, na ukinyamaza na likaja kugundulika baadaye, wengine watasema mlikuwa mnashirikiana. Ninachoweza kukuuliza ni hiki: je, uliitamani nafasi hiyo kabla ya kupanda mlimani siku ile? Kama uliitamani, hilo nalo ni jambo la kibinadamu, na kuitamani kazi ya kudumu si sawa na kumwombea mwenzako mabaya. Ukijijua vizuri katika hili, maneno ya watu yatakuumiza, lakini hayatakuyumbisha.

Nije kwenye sentimita zako 11. Niliuliza namba moja ina uzito gani, nikaelezwa kwamba penye mkato wa herufi V kina cha maji kikiongezeka mara mbili, maji yanayopita huongezeka karibu mara 6. Kwa hiyo kukisia siku ya mvua kubwa si jambo dogo, na sitakuambia kwamba ni dogo. Lakini nimeona ulivyoliandika. Siku, mahali, giza, namba yenyewe, vyote unavikumbuka baada ya miaka 3. Unauliza una mdomo gani wa kusema. Mimi ninajiuliza kama si mdomo huo huo ungeweza kufungua mazungumzo na Mzee. Mtu aliyeshindwa humsikiliza kwa urahisi zaidi mtu ambaye naye aliwahi kushindwa. Ukianza na lako kabla ya kufika kwenye lake, huenda usihitaji kumshtaki kabisa. Hatari yake unaijua: ukilisema, limesemwa, na kama mambo yatafika kwa wakubwa, sentimita 11 zitafika pamoja nayo. Alichokufundisha Mzee kwa namba iliyokosewa ungeweza kukifanya hata leo kwa hiyo yako, mstari mmoja juu yake, na pembeni maelezo kwamba ilikisiwa, pamoja na tarehe ya leo. Kama utayari wa kufanya hivyo haujafika, usijilazimishe kwa sababu ya barua yangu.

Na ule ukurasa mtupu. Nimeufikiria kuliko kitu kingine chochote katika barua yako, kwa sababu ni sehemu pekee ya jambo hili iliyo mikononi mwako wewe peke yako. Unauona kama ukurasa usio na cha kuandikwa, kwa kuwa hukupata mililita wala namba za tensiomita. Lakini siku ile uliona mengi: chupa imefurika, maji ni ya kijani, mrija wa kikombe una tundu, tensiomita imekauka, mti umeziba njia. Hizo ni taarifa za uwandani kama taarifa nyingine yoyote, na kuziandika hakumshtaki mtu. Ila ukishaziandika, Mzee atazisoma, na mtafiti atazisoma, kwa hiyo hata kuandika ni kuanza kusema. Huenda ndiyo sababu penseli imekuwa nzito. Unaweza kuamua kuandika kwanza kisha ukazungumza naye, au kuzungumza naye kwanza kisha mkaandika mkiwa wawili.

Niandikie tena, hata kama utakuwa hujafikia uamuzi wowote. Na kabla hujapanda juu Jumanne ijayo, beba mrija mpya, na mwachie mtu ujumbe kwamba umepita njia ipi na unatarajia kurudi saa ngapi. Miaka yote hii nadhani mtu huyo alikuwa Mzee, na sina hakika kama sasa hivi umepata mwingine.

Mshauri wako